Konzi ya Chenga

Kila asubuhi kabla ya kuinjika wali, Zaithangi, mama yake Rema, mjane wa milimani huko Mizoram, India, husoma sura moja ya Biblia, na linalomshinda huliandika daftarini. Daftari sasa ni la nne. Ndani yake mna: "Methusela, miaka 969. Alikuwa akishinda akifanya nini?" Na tena: "Dubu wawili waliwararua vijana arobaini na wawili. Wengine walikuwa wamesimama wanangoja zamu?" Mchungaji aliwahi kuulizwa hilo la dubu, na tangu siku hiyo humsalimu kwa mbali.

Jumanne moja sura ilikuwa ya Anania na Safira, waliozuia sehemu ya sadaka wakaanguka wakafa papo hapo. Aliisoma mara mbili, kisha akalitazama kopo lililokuwa karibu na jiko.

Kopo lile lilikuwa la kanisa. Pale mtaani kila mwanamke akipima mchele wa kupika hutenga konzi moja ya Mungu, na Jumanne mkusanyaji hupita. Mkusanyaji alikuwa Rokimi, jirani na shoga yake wa miaka arobaini, aliyemwambia mbele ya kwaya nzima kwamba sauti yake imechakaa, arudi mstari wa nyuma. Tangu hapo, hii wiki ya tatu, Zaithangi alikuwa akijaza kopo chenga, vipande vya mchele vya kulishia kuku. Hakukusudia kumdhulumu Mungu. Alitaka Rokimi aumbuke mbele ya kina mama wakati wa kumimina kanisani, adhaniwe ameubadilisha mchele. Mungu alikuwa njiani tu.

Akaandika: "Kwa nini hakuna aliyewaonya mapema?" Akajishika mapigo ya mkono. Yalikuwapo. Akaoga, akavaa nguo ya kanisani, maana hakutaka akutwe amekufa na ya jikoni.

Rokimi akaingia na kikapu mgongoni.

"Heh, Mama Rema! Kujipamba kote huku, unaolewa?"

"Nakufa. Lakini kabla sijafa, hilo kopo lina chenga. Wiki zote tatu. Nilitaka uaibike."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwani mimi kipofu? Nikifika kwangu nawamwagia kuku, natia mchele wangu. Kuku wamenenepa, asante."

Zaithangi akakaa kwenye kigoda. Ile hofu ya kufa ilikuwa afadhali kuliko aibu hii.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenirushia kopo. Na sauti yako imechakaa kweli, mwenzangu. Yangu pia. Mimi nilisharudi nyuma Jumapili ileile, nikakuwekea nafasi. Wewe ukasusa. Wiki tatu naimba na kiti kitupu ubavuni."

Wakanywa chai. Rokimi akaondoka na kopo la mchele mzima, uliochotwa mbele ya macho yake. Zaithangi akafungua daftari, na chini ya swali la asubuhi akaandika jibu, la kwanza katika madaftari yote manne: "Hawakuwa na jirani."