Koti la Baba Jukwaani

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu ni Jumamosi moja alasiri, katika ukumbi mmoja wa katikati ya jiji, shangazi yangu alipopanda kwenye jukwaa la maonyesho ya mavazi, akamshika msichana aliyekuwa akitembea mbele ya watu, akaanza kumvua koti. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, na mkoba wake ulikuwa bado unaning'inia mkononi. Ukumbi mzima ulisimama na kumpigia makofi.

Koti lile nilikuwa nimelibuni mimi. Nitakueleza lilivyofika pale, kwa maana juzi mliponiita nije kutazama kazi zenu kabla ya maonyesho, niliwakuta mkikata nguo kuukuu, na mmoja wenu akaniambia kwa furaha kwamba suruali iliyokuwa chini ya mkasi wake ni ya marehemu babu yake. Sikutaka kumkatiza mbele ya wenzake. Pengine yeye aliruhusiwa. Mimi sikuruhusiwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Tulikaa Woodley, katika nyumba za baraza la jiji. Baba alikuwa msomaji wa mita za maji, na kwa miaka mingi alizunguka mitaa ya Nairobi akiwa na daftari, kalamu, na koti la mvua la kijivu lililomfika magotini. Mimi nilishona sare za shule katika kibanda karibu na Adams Arcade, huku kichwani nimejaza nguo ambazo hakuna mteja angeziagiza: gauni la magunia, shati lenye mikono mitatu. Baba hakuzielewa, lakini aliziuliza kwa heshima. "Huu mkono wa tatu ni wa nini, Mideva?" Nikimweleza, alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesoma mita isiyosomeka vizuri.

Akafariki wakati wa mvua za masika.

Kwetu, katika ukoo wetu uliotoka Vihiga, nguo za marehemu hazichukuliwi hivi hivi. Baada ya mazishi hukusanywa zote zikafungiwa sandukuni, mpaka siku jamaa watakapokaa pamoja kuzigawa. Anayegawa ni dada ya marehemu, yaani shangazi, ambaye sisi humwita senge. Hutoa nguo moja moja, humwita mtu kwa jina, na mtu huyo huivaa papo hapo mbele ya wote. Kuivaa ndiko kupokea. Hayo yote niliyajua, lakini niliyajua kama unavyojua kwamba hupaswi kukanyaga nyasi za bustani ya jiji. Ukiwa na haraka, unapita.

Nami nilikuwa na haraka. Maonyesho ya wabunifu chipukizi yalikuwa yamenikubali kwa mara ya kwanza, na mavazi yote yalitakiwa yazaliwe kutokana na kazi za jiji. Nilifikiria vizibao vya makanga wa matatu, aproni za wauza nyama, na kila nilichofikiria kilinirudisha kwenye koti lile la kijivu. Ugawaji ulikuwa umepangwa Jumamosi iliyofuata maonyesho. Mchana mmoja, Mama akiwa kliniki, nilifungua sanduku. Nilijiambia kwamba mimi ni kifungua mimba wake, kwamba ningemfanya aonekane na watu ambao hawakuwahi kumtazama alipokuwa akiinama kwenye mabomba yao. Nililia nikilikata, na kwa kuwa nililia niliamini kwamba ninatenda jema.

Ilikuwa kazi nzuri, sitakuficha. Nilitoa bitana nje, mikono nikaifanya mabawa mgongoni, mifuko nikaipanga moja juu ya nyingine kama ngazi. Kifuani niliweka kiraka kidogo kilichokuwa kwapani, kwa sababu kilishonwa kwa uzi wa bluu na kilipendeza juu ya kijivu.

Mama hakuwa akienda kwenye shughuli za furaha kwa ajili ya msiba, basi kadi yangu ya mwaliko akampa Senge Berita, dada yake Baba, aliyekuwa akikaa nasi siku hizo. "Nenda wewe ukamwone mtoto wako," alimwambia. Senge akaketi mstari wa mbele, mkoba magotini, akiwa na fahari kama mzazi siku ya zawadi shuleni.

Kiraka kile alikishona yeye, mwanangu, siku alipokosa uzi wa kijivu.

Shiku, msichana aliyelivaa koti, alikuwa amefika katikati ya jukwaa Senge alipopanda.

"Hii koti umetoa wapi?"

"Mathe, pole pole. Mimi nimevalishwa tu."

"Nauliza umetoa wapi! Toa."

"Sasa nitoe hapa mbele ya watu?"

"Si umeivaa mbele ya watu? Toa!"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kupiga makofi, kwa kuwa katika maonyesho ya aina ile kila kitu cha ajabu hudhaniwa kimepangwa. Shiku alikuwa mwerevu. Akanyoosha mikono kama mtoto anayevuliwa sweta, akaachia koti litoke, kisha akamshika Senge mkono, akauinua juu, akainama. Makofi yakazidi. Senge alitazama ule umati kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua.

Nyuma ya pazia mwandishi mmoja kijana wa gazeti alinifikia kabla sijamfikia Senge. "Siste, hiyo ya mathe kupanda steji ni moto! Mlipanga?"

Senge alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipokuwa, koti kifuani, akihema. Nilimwona. Nikamgeukia yule kijana.

"Tulipanga," nikasema. "Ni shangazi yangu. Tulifanya mazoezi nyumbani."

Senge hakunikanusha. Alilikunja koti taratibu, akalitia kwapani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilipofika Woodley nilimkuta mezani amelitandaza, mifuko ikiwa ngazi, mikono ikiwa mabawa. Mama alikuwa ameketi kando yake. Senge hakupaza sauti.

"Baba yako aliniita pale hospitali," akasema. "Akaniambia, 'Berita, koti mpe Ezra.'"

Ezra ni mdogo wake Baba. Alikuwa akiishi Kangemi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kwetu, na kwa miaka kumi hawakuwa wamesemezana. Bibi yetu, mama yao, alipofariki, Ezra alikuwa akifanya kazi Mombasa, na basi lake likaharibikia njiani. Baba, akiwa mkubwa, aliamua mazishi yaendelee. Ezra alifika akakuta kaburi limefukiwa na watu wanakunywa chai. Hakugombana. Alirudi alikotoka, na hata alipohamia Kangemi hakuwahi kukanyaga nyumbani kwetu.

"Koti ndiyo ilikuwa neno lake la mwisho kwa ndugu yake," Senge akaendelea. "Alikuwa anaomba msamaha. Nilimwambia Ezra siku tulipomzika baba yako, akiwa amesimama kule kwa ua. Unajua alinijibu nini? 'Nikiliona koti, nitaamini.' Jumamosi anakuja, Mideva. Nimpe nini? Hii ngazi?"

"Senge, nisamehe. Sikujua."

"Ya koti hukujua. Na ya yule kijana wa gazeti? Hiyo pia hukujua?"

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi katika kazi hii, na wengine walinitukana. Hakuna aliyenifikia pale Senge aliponifikia kwa swali lile. Mkasi niliutumia nikiwa sijui. Uongo niliusema nikijua, nikimtazama anayedhulumiwa.

Jumatatu nilikwenda kwa mratibu wa maonyesho. Alinipokea kwa kunikumbatia. "Mideva! Tumekuchagua. Jumamosi hii tuko Parklands, kuna wageni wanatafuta wabunifu wa kuwapeleka nje wafundishwe. Leta koti, na mlete shangazi afanye vile vile."

Nikamweleza kwamba hatukupanga, kwamba koti lilikuwa la marehemu na Senge alilitambua pale pale.

"Basi ndiyo imekuwa tamu zaidi," akasema. "Mwambie tu akasirike tena."

Sikumchukia. Alipenda kazi yangu kwa dhati, na hakuwa na mtu Kangemi wa kumfikiria. Nilimwambia sitakuja. Akaniuliza kama ninajua vijana wangapi wanaitaka nafasi ile, nikamjibu ninajua, na kweli nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimeitamani kuliko wote. Kutoka hapo nilikwenda kwenye gazeti. Yule mwandishi alinisikiliza hadi mwisho, akakuna shingo, akasema, "Siste, hiyo imeshatoka jana." Picha ilikuwa nzuri. Chini yake waliandika maneno yangu.

Siku zilizobaki nilifumua na kushona upya. Vipande nilivyovikata kwa mkupuo mmoja vilichukua asubuhi nzima kurudi mahali pake. Senge alinitungia uzi kwenye sindano akivaa miwani, akivua, akivaa tena, na polepole akaanza kuniambia habari za ujana wa Baba ambazo sikuwahi kuzisikia. Kola ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa nimeichemsha kwenye rangi kwa majaribio, ikasinyaa, nikaitupa. Nilipata Adams Arcade kitambaa kilichokaribiana na cha koti, nikataka kukisugua na majivu kifanane kabisa.

"Wacha ionekane mpya," Senge akasema. "Na ni wewe utamwambia, si mimi."

Jumamosi, wakati wenzangu wakiwa Parklands, sebule yetu ya Woodley ilijaa jamaa. Baba Mdogo Ezra alikaa karibu na mlango, kofia mkononi. Senge aligawa mashati, akagawa viatu, na kila aliyeitwa alivaa, watu wakatania kidogo kama kawaida. Mjomba mmoja alivaa suruali iliyomwishia juu ya vifundo, akaambiwa sasa anaweza kuvuka mto bila kuikunja. Kisha Senge akaniita mimi, akanikabidhi koti, akaketi.

Nilipiga magoti mbele ya Baba Mdogo. Nikamwambia lilikuwa lake tangu hospitalini, na kwamba nililikata nikalipeleka kwenye maonyesho. Nikamwambia pia kwamba picha aliyoiona gazetini, kama aliiona, ilikuwa na uongo wangu chini yake.

Alilichukua. Akapitisha kidole kwenye kila mshono, na mishono ilikuwa mingi. Alipofika shingoni kidole kikasimama.

"Kola yake iko wapi?"

"Niliiharibu, Baba Mdogo."

Akaigusa ile mpya. "Alikuwa anaikunja juu," akasema, "hata jua likiwaka. Tulikuwa tunamcheka."

Tukangoja alivae. Hakulivaa. Alilikunja, akalifunga kwa gazeti, akamsalimu Mama kwa mikono miwili kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi, akashukuru kwa chai, akaenda zake nalo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Buni utakavyo. Kata, geuza ndani nje, weka mkono wa tatu. Sitakuwa mmoja wa wazee wanaowaambia kwamba nguo zenu si nguo. Lakini kabla ya kukata nguo iliyovaliwa na mtu, ulizia inakokwenda. Usiulize tu ilikotoka, kwa sababu ilikotoka unakujua, na huko ndiko kunakokudanganya kwamba ni yako. Na ukishakosea, kama utakavyokosea, usikubali makofi yakuchagulie maneno. Watu wanaokupigia makofi watakwenda nyumbani kula chakula chao. Yule aliyesimama hatua mbili kando yako ndiye mtakayerudi naye. Mtazame yeye kwanza, ndipo umjibu mwandishi.

Mungu aiongoze mikono yako, akupe macho ya kuona kazi za wengine ndani ya kazi yako, na siku ya maonyesho akuketishie mstari wa mbele mtu anayekupenda kiasi cha kukupandia jukwaani.

Baba Mdogo Ezra yungali Kangemi, ana miaka karibu themanini. Alikuja kwenye harusi yangu, na wanangu amewabeba mgongoni. Mwezi uliopita nilimtembelea mvua ikanyesha, akanisindikiza hadi barabarani chini ya mwavuli, begani amejitupia taulo. Tulizungumza habari za mafuriko na bei ya unga. Kama amewahi kulivaa lile koti hata mara moja, akiwa peke yake nyumbani kwake, hakuna kati yetu anayejua, na sijapata ujasiri wa kumuuliza.