Vyombo Sita Pamoja na Matanga

Shemeji yangu Theuri ndiye mtu pekee niliyepata kumjua aliyefanya biashara ya mashua akiwa Giakanja. Anayepafahamu Giakanja anajua kwamba maji mengi kuliko yote pale ni ya josho la ng'ombe, na hayo yana dawa.

Theuri ni mdogo wa marehemu mume wangu, Mwalimu Gikonyo, aliyewafundisha Kiswahili nusu ya watu wa Tetu wanaokijua. Theuri mwenyewe hakufundisha mtu. Alikuwa karani wa chama cha wakulima wa kahawa mpaka chama kilipopunguza makarani, na tangu siku hiyo akawa mfanyabiashara, yaani alishinda nyumbani. Alifuga sungura, wakamtoroka. Akapanda uyoga, ukaota kila mahali isipokuwa pale alipoupanda. Mwaka wa 1999 akaenda Nanyuki kutafuta mabati yaliyotumika, akarudi na lori lililobeba mashua sita.

Zilikuwa mashua ndogo za kusukumwa na upepo, mali ya klabu ya walowezi fulani waliokuwa wakizichezea katika bwawa lao mwisho wa juma. Bwawa lilikauka, wanachama wakazeeka, na mlinzi akaambiwa auze kila kitu. Theuri alizipanga uani kwangu kwa kuwa kwake ni mteremko. Akazipindua kifudifudi zisiingie maji, jambo ambalo kwa mashua niliona la ajabu kidogo.

"Theuri," nikamwuliza, "hizi zitaelea wapi?"

"Si razima zielee hapa, Mama Ngendo. Mimi kazi yangu ni kuuza. Maji atatafuta mwenye kununua."

Mjini Nyeri kulikuwa kumefunguliwa duka la intaneti, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na msichana aitwaye Wendy. Theuri alikuwa ameambiwa kwamba mtu akiandika tangazo pale, linasomwa dunia nzima kabla chai haijapoa. Wendy alimtafutia ukurasa ambapo Wakenya walio ng'ambo huuziana magari na vitanda na kupeana habari za nyumbani.

"Nitawaandikia Kiswahiri safi," Theuri akaniambia. "Hao watu wamechoka na Kizungu huko. Wajue hii ni nyumba ya nani."

Akaniomba kamusi ya marehemu. Nilimpa kwa furaha. Tangu tumzike Gikonyo hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa ameifungua, na nilijiambia kwamba hata kama mashua haitanunuliwa, angalau kuna mtu atakayejifunza neno moja au mawili. Akajifunza mawili.

Alhamisi simu ikalia. Alikuwa binti yangu Ngendo, anayesoma Marekani, na huko ulikuwa usiku.

"Ni nani anaongea?" akauliza.

"Umepiga simu nyumbani kwetu, halafu unauliza ni nani anaongea?"

"Mum! Uko hai?"

"Ngendo, umekunywa nini?"

Alilia kwanza, kisha akanisomea. Tangazo lilikuwa limewekwa chini ya Habari za Nyumbani, maana sehemu ya bidhaa ilitaka mtu ajiandikishe, na Wendy hakuona haja. Nao walilipishwa kwa dakika, hivyo Theuri alikuwa ameandika kwa ufupi:

"TANGAZO. Vyombo sita vya mbao ngumu, vanishi safi, vishikio vya shaba, pamoja na matanga. Yote ni nyumbani kwa marehemu Mwalimu Gikonyo, Giakanja, Jumamosi saa nne. Tafadhali mjulishe na mwenzako."

Nilikaa chini. Hakuna kosa hata moja. Chombo ni kitu cha kusafiria majini, kamusi inasema hivyo. Tanga ni kitambaa kinachokamata upepo, na yakiwa mengi ni matanga. Mswahili wa Lamu angelisoma tangazo lile na kuuliza bei. Lakini sisi wa huku mlimani tumepata neno hilo bila bahari yake. Matanga kwetu ni mahali pa kulia, kukesha na kula githeri ya sufuria kubwa. Na mtu akikuambia matanga, kisha akataja mbao ngumu na vishikio vya shaba, hungoji akueleze ni chombo gani.

"Nani hao sita?" Ngendo akauliza. "Hapa tumehesabu, tunapata watano tu."

Binti yangu alikuwa ameshapiga simu Kenol kwa shangazi yake mwenye duka, na shangazi hana desturi ya kukaa na habari peke yake. Jioni hiyo ilijulikana Chaka kwamba nyumba ya Gikonyo imekwisha. Wengine walisema ni gari, wengine walisema ni uyoga.

Ningeweza kukanusha. Nilishika simu mara kadhaa nikairudisha. Ningesema nini? Kwamba katika nyumba ya Mwalimu Gikonyo, aliyewachapa watoto wa watu kwa sababu ya kitabu yangu na kiti yangu, kuna mtu ametangaza mashua na dunia ikaelewa majeneza? Jina la mume wangu lilisimama juu ya kitu kimoja tu, Kiswahili chake. Hakuacha shamba kubwa wala gari. Kama watu wangecheka Kiswahili cha nyumba yake, nisingekuwa na kitu kingine cha kuwaonyesha.

Nikaamua nitawaambia wageni kwamba yalikuwa maombi ya shukrani, na Wendy ndiye aliyekosea. Nikampa Theuri amri moja, kunyamaza.

Jumamosi walikuja wakiwa wengi kuliko siku ya mazishi ya Gikonyo mwenyewe, na hilo lilinichoma kidogo. Walikuja na unga, sukari, kuni na sufuria. Mbele yao alikuwa Mzee Simeon wa kanisani, anayejua kuzika kuliko mtu yeyote Tetu. Aliingia langoni, akaziona mashua zimelala kwenye nyasi kifudifudi, zinang'aa vanishi. Akavua kofia.

"Kumbe ni kweri," akasema polepole. "Na wote walikuwa watu wanene."

Kwaya ikaanza. Sikuwahi kufungua mdomo kwa sababu mama mkwe wangu Wamucii alitoka jikoni na fimbo yake, akiwa mzima kabisa na mwenye hasira, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kuna wageni.

"Simeon! Umevulia nani kofia?"

Kwaya ilikatika katikati ya neno. Mama mmoja wa Chaka akaangusha debe la unga.

"Wamucii," Simeon akasema, "ati wewe si mmoja wao?"

"Mmoja wa nani?"

Hapo ndipo nilipopanda kizingitini na kuanza habari za maombi ya shukrani. Nilikuwa nimefika kwenye "Wapendwa" mvua ikaanza. Yalikuwa yale manyunyu ya Agosti yanayoshuka kutoka Nyandarua bila haraka na kumwingia mtu mpaka kwenye mfupa. Watu wakasongamana chini ya paa. Theuri, ambaye hajapata kutii amri yangu hata moja, akakimbia ghalani akatoka amebeba vitambaa vyeupe mikononi. Akafunga kimoja kwenye mti, cha pili kwenye mlingoti aliouchomeka ardhini, akaunganisha na cha tatu. Vijana wakamsaidia bila kujua wanasaidia nini. Kabla manyunyu hayajawa mvua, uani kwangu palikuwa na hema kubwa, na waombolezaji wote wako chini yake wakitazama juu.

"Basi," Theuri akasema, "haya ndiyo matanga. Na hizo ni vyombo. Niko nazo sita. Zinauzwa."

Nilijua kicheko kinakuja, na nilijua kitamwangukia nani, naye yuko kaburini hawezi kujitetea. Nikaingia ndani, nikachukua kamusi, nikarudi nikasimama katikati yao chini ya kile kitambaa. Nikawasomea. Nikasoma tanga, maana ya kwanza na ya pili. Nikasoma chombo. Nikawaambia kwamba tangazo lile lilikuwa sanifu, na kwamba Mwalimu Gikonyo angelipatia alama zote. Nikafunga kitabu.

Mzee Simeon alifikiri. Ni mtu wa haki.

"Kwa hivyo," akasema, "kosa ni yetu."

"Letu," nikasema.

"Ni letu. Gikonyo alitufundisha, sisi tukalala."

Hapo Wamucii akacheka, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa maiti, wengine wakaona wana ruhusa. Walicheka Kiswahili chao wenyewe, si cha mume wangu. Nilichotaka nilikipata. Kisha wakapika vyakula walivyoleta, maana hakuna mtu wa Tetu anayerudisha unga nyumbani.

Hakuna aliyenunua mashua siku hiyo wala siku nyingine. Nne ng'ombe wanazinywea maji hadi leo, katika mbili Wamucii amepanda viazi. Lakini wakati wa kuondoka Simeon alimvuta Theuri kando, akapapasa kile kitambaa.

"Hii haivuji?"

"Haiwezi kuvuja, Mzee. Imetengenezewa bahari."

"Wiki ijayo tuko na matanga Chaka. Ire ya kufa."

Hivyo ndivyo Theuri alivyopata kazi. Matanga yake yalisitiri matanga ya Chaka, kisha ya Giakanja, kisha yakaanza kuitwa mpaka Othaya. Akayashona pamoja, akanunua kamba, akapata fundi wa kuandika. Alirudi kwa Wendy na tangazo jipya, "Matanga yanakodishwa," na safari hii hakuna aliyelielewa vibaya. Kwa mara ya kwanza maishani mwake watu wanamngoja. Tatizo ni kwamba wanamngoja kwa hofu. Alipokwenda hospitali kumjulia hali Gatimu, jirani yetu mwenye ugonjwa wa ini, Gatimu aligeukia ukutani.

"Theuri, umekuja kuniona au umekuja kupima?"

Niliona hema lile kwa mara ya kwanza likiwa limesimamishwa kwa watu, kwenye maziko ya mama mmoja tuliyeimba naye kwaya. Jina lilikuwa limeandikwa upande mzima, kwa rangi nyeusi, herufi za kusomeka kutoka barabarani: FAMILIA YA GIKONYO. Waombolezaji walikuwa wakielekezana kwalo. "Uko wapi?" "Niko hapa kwa Gikonyo." Nyote mliojua alivyokuwa mtu wa staha mtaelewa nilivyojisikia.

Nikamwita Theuri kando, mbele ya jeneza la watu, nikamwambia hilo jina halikubaliki.

"Nifute, Mama Ngendo?"

Nikalitazama tena. Upepo ulikuwa umeingia chini ya kitambaa, jina likajaa na kutanuka, na wazee waliokuwa wamekaa chini yake walikuwa wamevua kofia.

"Usifute," nikasema. "Mwambie fundi wako kwamba umesahau neno Mwalimu. Linakuja kabla ya Gikonyo, na M yake ni kubwa."