Mrithi wa Nyumba Nyingine

Kitu cha kwanza nilichosikia katika kijiji kile kilikuwa mshindo wa kutwanga. Tulikuwa bado garini, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi, barabara ikipinda katikati ya mierezi mirefu, lakini nilisikia vizuri kabisa: kimya kirefu, halafu pu. Kimya tena, halafu pu. Nikamwambia mama kuna watu wanatwanga mahindi. Mama alikuwa ameshasikia, maana mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha mlango hata kabla gari halijasimama. Hapakuwa na mahindi, wala hapakuwa na mtu. Kando ya kijito yalilala magogo marefu yaliyochimbwa upande mmoja kama mwiko mkubwa. Maji yakijaa pale penye shimo, gogo liliinama likayamwaga, kisha upande wake wa pili ukaanguka kwa kishindo juu ya lundo la udongo mkavu. Hivyo ndivyo udongo wa vyungu ulivyosagwa huko, mchana kutwa na usiku kucha, kwa nguvu ya maji tu. Kijiji kizima kilinuka moshi wa kuni na tope. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, nimechoka safari, makamasi yananitoka, na nilichotaka duniani ni kurudi kwetu Durban.

Jinsi tulivyofika milima ya Japani ni habari ya mama yangu na kutotulia kwake. Alizaliwa kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, akalelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa mfinyanzi kama mama yake na bibi yake mwenyewe. Kwao vyungu ni kazi ya wanawake. Mwanamume akionekana ameshika udongo watu wangeuliza kama mkewe anaumwa. Mama alijifunza tangu ana nguvu ya kubeba ndoo, lakini bibi alifariki yeye akiwa bado msichana wa shule, na baadaye akaolewa, akamfuata baba Durban, ambako baba alikuwa amepata kazi kwenye ghala moja huko Mobeni. Tukapanga mtaa wa Glenwood, na mama akaajiriwa na karakana ya ufinyanzi iliyofundisha wanafunzi wa chuo. Huko kulikuwa na gurudumu la umeme na tanuri la kubonyeza vitufe. Mama aliviweza vyote na hakuvipenda. Akileta sahani nyumbani aliiweka mezani akaitazama kwa chuki, akauliza, "Hii sasa ni ya nani?" Alihamisha makochi kila mara. Alitusumbua tukahama nyumba hata pale ambapo mwenye nyumba hakuwa na neno na sisi. Mezani vidole vyake vilisokota tonge la ugali likawa kamba, akalisahau, ugali ukapoa.

Halafu akaja Kaori. Huyu alikuwa mwalimu wa Kijapani aliyewahi kufundisha sekondari Mbeya, akaondoka na Kiswahili safi kuliko changu mimi niliyekulia kwenye mchanganyiko wa Durban. Alipita mjini kutembea, akaviona vyungu vya mama, akamweleza kwamba kwao kuna vijiji ambako nyumba zile zile zimefinyanga udongo ule ule tangu mababu. Amani ya nyumba yetu iliishia hapo. Mama hakuzungumza jambo jingine mpaka wafadhili wa karakana walipokubali kumlipia safari. Baba alikuwa na zamu zisizotabirika, kwa hiyo ikaamuliwa niende naye. Maman Clarisse, jirani yetu Mkongo aliyekuwa na saluni barabarani, alinisuka nywele siku ya mwisho huku akimsema mama bila kupumzika.

"Mama Atu, weye unaenda Japon kutafuta vyungu? Eish. Hapa sokoni vyungu iko mingi. Na bwana yako atabakia na nani? Mais, wanawake wa Tanzania muko na roho nguvu."

Mama alicheka tu. Alikuwa ameshaondoka zamani, mwili ndio ulikuwa bado umekaa kwenye kiti.

Tulizunguka vijijini kwa treni za behewa moja na kwa gari dogo la Kaori, tukipita mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, vituo vya basi visivyo na abiria, na nyumba zenye matunda ya rangi ya machungwa yaliyotungwa kwenye kamba yakauke chini ya paa. Kila kijiji kilikuwa na mfinyanzi wake, na kila mfinyanzi alitupa chai chungu na kutuonyesha tanuri lake lililopanda kilima chumba juu ya chumba. Mama alizinusa kuta, akashika vyombo, akauliza maswali mpaka Kaori akakauka koo. Kesho yake tukafunga mizigo. Mmoja alikuwa mkarimu lakini anauza sana kwa watalii. Mwingine alikuwa fundi lakini ananunua udongo wa kiwandani. Mimi nilidhani hatafuti chochote, anapenda kuondoka tu. Nilijua anachotafuta siku tuliyokuwa tukingoja treni kwenye kituo kimoja chenye upepo mkali. Alinifunga skafu vizuri, akaniambia kwamba akipata mwalimu wa kumpokea, atabaki naye kujifunza, labda mwaka, labda miaka, na mimi Kaori atanirudisha kwa baba. Akauliza, "Utaweza, mwanangu?" Nilisema nitaweza. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo huwezi kusema jingine. Tangu hapo, kila tulipoingia kwenye uwanja wa mfinyanzi, nilimwomba Mungu yule mtu awe na roho mbaya.

Babu Morita hakuwa na roho mbaya, na hilo lilinitisha. Ndiye aliyetupokea katika kijiji kile cha magogo, yeye na mkewe, Bibi Fumi, mwanamke mdogo wa umbo mwenye mikono myekundu kwa maji baridi. Kaori alikuwa amemweleza mama desturi za mahali tangu tukiwa njiani: kila nyumba humrithisha mtoto mmoja tu, wageni hawafundishwi, na wanaokaa kwenye gurudumu ni wanaume. Wanawake huchekecha udongo, huukausha, hubeba mbao zenye sahani kuzianika juani. Nadhani mama aliyasikia yote na hakuna lililomwingia. Mlango ulipofunguliwa alipiga magoti kwa adabu ya kwao, akampita Babu Morita kana kwamba ni mlinzi, akamkabidhi Bibi Fumi kwa mikono miwili chungu kidogo alichokifinyanga Durban, akasema, "Shikamoo fundi. Nimekuja kujifunza kwako." Kaori hakutafsiri mara moja. Bibi Fumi aligeuka nyuma kuona ni nani anayesalimiwa. Alipoelewa kwamba ni yeye, alifunika mdomo kwa aproni, na Babu Morita akacheka mpaka akashika nguzo. Mama alikuwa hajui kosa lake ni nini. Angewezaje kujua? Maishani mwake hakuwa amemwona mfinyanzi ambaye si mwanamke.

Lakini kile chungu Babu Morita alikichukua, akakigeuza, akakigonga kwa ukucha, akakiweka juu ya rafu peke yake. Mama alipoomba apokewe, hakukataa. Mwanawe wa pekee alikuwa amehamia mjini kufanya kazi za kompyuta na hakuwa na mpango wa kurudi, na kiti cha pili cha gurudumu kilikuwa na vumbi. Alisema anahitaji kufikiri. Tukae, tusubiri. Mama akanibana mkono mpaka nikaumia. Mimi nilikitazama kile kiti nikakichukia.

Kusubiri hakukuwa jambo la mama yangu. Alizunguka uwanja, akapanda mtoni, akashuka, akasimama mlangoni mwa karakana mahali ambapo hakuambiwa aingie wala atoke. Mwishowe Bibi Fumi alimhurumia, akampa aproni, wakawa wanachekecha udongo pamoja kwenye mabirika ya maji, hawana lugha moja, wanaonyeshana kwa vidole na kucheka. Mimi nilikaa kwenye ngazi na hesabu za shule ambazo sikuzifanya. Na asubuhi moja yenye jua, mama akachoka kuchekecha. Akaokota kipande cha sahani iliyovunjika, akakilaza chini kiwe kigae cha kuzungushia, akaketi chini miguu imenyooshwa, akaanza kufinyanga kama alivyofundishwa na bibi yake: donge la udongo katikati, ngumi ndani, kisha kamba za udongo zinapandishwa moja juu ya nyingine huku kigae kikizungushwa polepole kwa mkono. Hakuna gurudumu. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo nyumbani. Uso wake ulitulia hata nikaona aibu kumtazama, kama nimemkuta anaoga.

Bibi Fumi aliangalia kwanza akiwa amesimama. Kisha akaleta kigae chake. Alikuwa ameshika udongo wa nyumba ile tangu alipoolewa, anaujua ukiwa mbovu kwa kuugusa tu, na hakuwa amewahi kuinua chombo hata kimoja, kwa sababu chombo kilitoka kwenye gurudumu na gurudumu halikuwa lake. Mama alimwekea mkono juu ya mkono. Chungu cha Bibi Fumi kilitoka na shingo iliyoinama upande, na yeye alikuwa anakicheka huku machozi yanamtoka. Hapo ndipo tulipomwona Babu Morita. Alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini. Nilidhani atakasirika. Aliketi kwenye ngazi karibu nami, akamwita Kaori, akamuuliza mama amefundishwa na nani. Mama akamweleza habari za bibi yake. Mzee akauliza nani anafinyanga katika nyumba hiyo sasa. Mama alijibu upesi, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha cheti: "Hakuna mwingine. Bibi alikuwa na mimi tu."

Kaori akatafsiri. Mzee akainuka kwenye ngazi. Kisha akaja akakinyanyua chungu cha mkewe kwa uangalifu, akakipanga kwenye ubao pamoja na sahani zake, zikauke pamoja ziingie tanurini pamoja. Bibi Fumi aliinamisha kichwa asionekane uso. Babu Morita akaongea kwa muda, na Kaori aliposikiliza nilimwona anatafuta pa kutazama.

"Anasema asamehewe," akamwambia mama. "Alikuwa amefikia kukubali. Alidhani wewe huna nyumba, na yeye hana mrithi. Lakini amekuona leo. Anasema mrithi wa nyumba nyingine hachukuliwi, hata kama nyumba yako wewe ina shida. Huo ungekuwa wizi."

"Nyumba gani?" mama akasema. Sauti yake ilipanda. "Mwambie paa lilishaanguka. Mwambie hakuna kitu pale, hata kuku."

Kaori akasema. Mzee akajibu maneno machache tu.

"Anasema udongo upo."

Mama alilia pale pale, mikono imejaa tope, hakujali nani anamwona. Nilimwonea huruma kweli. Na pia nilifurahi kupita kiasi. Tulipoondoka Bibi Fumi alitupa matunda yale makavu, nikayala yote garini, na nililala usingizi mzito kichwa changu mapajani mwa mama. Nilijua sasa ni wangu.

Haikuwa hivyo. Tulirudi Durban, mama akarudi karakana, na hakuhamisha makochi tena. Baba alifurahi, Maman Clarisse akasema Japon imemtibu. Mimi nilianza kuogopa. Siku za Krismasi alimwambia baba kwamba anakwenda Kyela kuangalia uwanja wa bibi. Alikwenda, akarudi kuchukua nguo zake. Walisemezana siku kadhaa, baba akakasirika, kisha akachoka kukasirika. Mimi nikabaki kwa sababu ya shule. Yule mzee aliyemkataa mama yangu alinirudishia mama kwa miezi michache tu, halafu akampeleka mbali nami kwa njia nyingine. Kila mwaka alikuja kutuona, mikono imepasuka, amenenepa, anacheka kwa sauti. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa pamoja, na hata leo sijui kuvitenganisha.

Sasa baba amestaafu, anaishi Cato Manor na bustani yake ya mchicha. Mimi niko Glenwood, nafanya kazi ofisini kwenye ghala la vigae huko Mobeni, baada ya kuacha kazi nyingine ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Nimehama nyumba mara nyingi kuliko mama. Mambo yamekuwa mepesi siku hizi: mama yuko kwenye simu, namwona uso, naona uwanja uliosafishwa na paa jipya nyuma yake. Lakini miaka yote hii nilikuwa naishi na jibu mfukoni. Mimi ni mtoto wake wa pekee, na nilijua siku itafika aniite. Jibu nililifanyia mazoezi nikiwa nasubiri kwenye robot, zile taa za barabarani, asubuhi: mama, nina kazi, nina mkataba wa nyumba, mikono yangu haifai.

Mwezi uliopita alipiga. Vidole vyake vimeanza kuvimba, alisema, lakini nisiwe na wasiwasi, amempata msichana wa jirani, ana mkono mzuri, amekuja mwenyewe kuomba. Akageuza simu nimwone. Msichana ameketi chini miguu imenyooshwa, anazungusha kigae, hata hakuinua kichwa.

Nilisema vizuri, hongera. Halafu nikajisikia nauliza, "Mbona mimi hukuniita?"

Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kukuita? Atu, mwanangu. Mimi nilikwenda mpaka Japani kuomba. Nani aliniita?"

Tangu siku hiyo najaribu kupanga maneno ya kumwomba anifundishe. Nayasema garini nikiwa peke yangu, na kila mara nasikia sauti yangu ni ya mtu anayetumaini kukataliwa.