Nakala Iliyothibitishwa Kibondo

Aliyesababisha kupotea kwa sauti ya marehemu baba yangu ni rafiki yangu wa Kibondo, mstaafu mwenzangu, ambaye nilikaa naye masijala moja tangu ujana wetu hadi siku tuliyoagwa. Radi ilichangia, lakini radi haikuniahidi kitu.

Sauti hiyo niliirekodi kwa simu shambani Titye, siku baba alipogawa ardhi. Alitembea kutoka mnyaa mmoja wa mpakani hadi mwingine akitaja kwa Kiha nani achukue wapi. Alipofika bondeni alimtaja dada yangu, kisha akasema asiyekubali aseme hapo hapo. Hakuna aliyesema. Baba hakujua kuandika, na wazee walioshuhudia wamekwisha kufariki. Sasa baba mdogo, aliyekuwapo na akanyamaza, analidai bonde lile, na shauri liko mbele ya baraza la ardhi la kata.

Nilipostaafu nilijenga seva nyumbani kwangu Kasulu, kwa kompyuta kuukuu ya ofisi niliyoiongezea diski. Ndani ya kompyuta hiyo moja niliunda nyingine nne zisizoshikika, kama meza nne za makarani katika chumba kimoja: ya nyaraka za ukoo, ya picha, ya majaribio, na ya nne ya kuzisimamia hizo tatu. Hii ya nne niliiandikia maagizo: meza ikiharibika, ijengwe upya bila kuniuliza, na kila Ijumaa nakala ya kila kitu itumwe kwa mtandao hadi Kibondo, kwenye kompyuta niliyoifunga kwa mkono wangu sebuleni kwa rafiki yangu. Kwa kuwa kumbukumbu sasa zilikuwa katika wilaya mbili, niliifuta ile sauti simuni.

Programu ya kutuma nakala iliweza kuikagua nakala na kunipa taarifa yenyewe. Niliuzima uwezo huo. Sisi tulilelewa katika masijala ambamo barua haihesabiki kuwa imefika mpaka mtu atie saini katika kitabu cha kupokelea. Nilitaka mtu athibitishe, na mtu nilikuwa naye. Kila Jumamosi aliniletea ujumbe: "Imepokelewa. Imehakikiwa. Msalimie shemeji." Kila ujumbe niliunakili daftarini.

Radi ilipoiunguza seva, sikufadhaika. Nilimwambia dada atulie, nikapanda basi la Kibondo nikiwa na diski mpya mkobani. Sebuleni kwa rafiki yangu, mahali pa kompyuta, palikuwa na maua ya plastiki.

"Iko wapi?"

"Karibu kwanza, Bwana Masijala. Chai inakuja."

"Nimeuliza iko wapi."

"Ilikuwa inanguruma, mama watoto akachoka nayo. Nikampa mkwe wangu aweke miziki dukani. Siku nyingi sasa."

"Na 'imehakikiwa'?"

Akacheka. "Mzee mwenzangu, pale masijala wewe ulifungua kila bahasha ndiyo ukasaini?"

"Nilifungua."

"Basi ulikuwa peke yako! Ndiyo maana tulikuwa tunachelewa kutoka."

Tulikwenda dukani. Mkwe wake aliniomba radhi kwa adabu. Alipoipokea mashine aliifuta yote, hakuambiwa kuna kitu ndani. Tangu hapo seva yangu ilikuwa ikipeleka nakala kwa kompyuta isiyokuwapo, na mimi ndiye niliyeinyima mdomo wa kunieleza. Kosa hilo ni langu na nimeliandika chini ya jina langu.

Niliporudi, dada alinisikiliza mpaka mwisho. "Kaka," akasema, "kwa hiyo baba hakusema?"

"Alisema."

"Utawaambia baraza hivyo, nao watasema wewe ni kaka yangu."

Alisema kweli. Lakini yupo asiye ndugu yetu anayejua. Kabla ya nakala ya kwanza kutumwa, rafiki yangu aliketi kwangu Kasulu, akaisikiliza sauti ile yote, akasifu jinsi baba alivyopanga maneno. Nilimpigia simu nikamwomba aje kuyasema hayo. Alinijibu kwamba yeye mambo ya familia za watu hayaingilii.

Alikwisha kuyaingilia. Kwa hiyo ninamtaka, kwa maandishi haya, afike mbele ya baraza siku shauri litakapotajwa tena, aape, aeleze alichomsikia baba yangu akisema kuhusu bonde la dada yangu. Kisha aeleze, dada yangu akiwa ameketi mbele yake, ni kwa mamlaka gani alithibitisha kumbukumbu ambayo hakuwa nayo.