Kikao cha Figo na Mishipa

Kaka yangu alichimba dhahabu Nyakunguru, nami nikasoma chuo kikuu kwa jasho lake. Likizo moja nilimkuta ametoka hospitali na vidonge vya presha. Badala ya kumuuliza hali, nikamtolea mhadhara.

Wataalamu wamegawanyika, nikamwambia. Kambi moja inasema figo ndizo zinazoamua presha: zikishindwa kutoa chumvi na maji vizuri, presha hupanda na kubaki juu. Nyingine inasema mishipa ya damu hukazwa kwa amri ya ubongo, figo zinafuata tu. Mimi nilikuwa mtu wa figo. Nilizitetea kama shangazi zangu.

"Kwa hiyo hawajakubaliana?"

"Wanabishana vikali, kaka."

"Na wewe mura, kijana wa chuo kizima hicho, umeshindwa kuwasuluhisha?"

Tulicheka. Tangu hapo kila likizo nilimuuliza kama anameza dawa. "Nameza," alijibu, akinitazama machoni.

Miaka miwili baadaye alianguka kando ya duara, shimo lao la kuchimbia. Mkono wa kulia ukapooza. Shemeji akanikabidhi kopo la maziwa ya unga lililojaa vidonge. Havikuguswa. Shemeji alijua, mama alijua. Msomi wa familia ndiye pekee aliyefichwa.

Nikaliweka kopo mbele yake. "Kaka, ulinidanganya. Wewe uliyenichapa utotoni kwa uongo wa kalamu moja!"

"Nilikuwa nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Si ulisema wanabishana? Kwenye kikao cha ritongo, wazee wasipokubaliana, nani anatekeleza? Kesi inalala mpaka kikao kingine. Nilijua utaniletea uamuzi."

Kambi zote mbili zilikubali kwamba vidonge vinasaidia, ila jambo hilo sikulitaja. Halikuwa na utamu wa ubishi. Na mhadhiri aliyenifanya niapie figo alishahamia kwenye mishipa, bila hata kutuaga.

"Sasa kikao kimeisha?" kaka akauliza.

Hakikuwa kimeisha. Mpaka leo hakijaisha.

"Kimeisha. Wote wamekubali umeze."

"Nani alishinda?"

"Figo," nikasema. Hata kwenye uongo nilishindwa kujizuia.

Akanyoosha mkono wa kushoto kupokea kidonge, akaniomba radhi kwa kuutumia.