Mbuzi wa Ntheo na Barua ya Chifu

Iko siku moja ya Januari ambayo bado hainiachi, mwanangu. Ilikuwa mwanzo wa 2008, uchaguzi umetuvuruga, nami natangatanga chumbani kwangu Kabiro, Kawangware. Nikikaa nasimama, nikisimama nachungulia moshi dirishani. Mkononi nina barua ya chifu.

Kaka yangu Mutua, mpakuaji mizigo bandarini Mombasa, alikuwa ameangukiwa na kontena akafa. Kampuni ilikubali kulipa fidia, ila ilitaka barua ya chifu ya kueleza ameacha nani. Alimwacha Achieng, mke wake, na binti wa miaka miwili, wakiishi Kianda kule Kibera. Achieng ni Mjaluo, sisi Wakamba, na siku zile njia ya kutoka Kibera ilikuwa imezibwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Hangeweza kuja kwa chifu kujieleza. Mungu anisamehe, niliona hiyo ni bahati yangu.

Nikamwambia chifu kwamba Mutua hakuoa, maana hatukuwahi kupeleka kwa kina Achieng mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba hahesabiwi kuwa ameoa. Na mbuzi kweli hawakwenda! Basi likaandikwa jina la mama yetu, nami nikijua vizuri pesa za mama zingepitia kwangu.

Mama alikuwa amekwama kwangu tangu Krismasi. Nilipompa barua atie kidole, akataka nimsomee kwanza. Nikasoma. Akaficha mikono ndani ya leso.

“Siku tulizika Mutua, nani alitupa mchanga wa kwanza?”

“Achieng.”

“Na nani alimpa huo mchanga?”

Ni mimi niliyempa. Ni mimi niliyemshika mkono mbele ya umati, nikamtangaza mke wa ndugu yangu.

“Kwa kaburi alikuwa bibi ya mtoto wangu,” mama akasema. “Kwa chifu amekuwa nani?”

Sikutulia tena. Njia ilipofunguka nilienda Kianda kwa miguu. Achieng alishasikia nilichomwambia chifu. Hakupiga kelele, ila alimpakata mtoto na kuniuliza:

“Shem, huyu akiniuliza babake alikuwa nani, nimwambie aje?”

Niliona aibu hadi nikakosa pa kutazama. Tulikwenda pamoja kwa chifu, nikayafuta maneno yangu, na fidia ikamfikia mwenyewe. Lakini tangu siku ile hajaniita shem. Huniita kwa jina langu, kwa upole, na upole ule unaniuma mpaka leo.

Basi sikia, mwanangu. Mila ambayo hukuitaja siku ya kilio, usiichomoe siku ya kugawana. Na mtu akizuiwa kufika kujitetea, wewe uliyepo ndiwe wakili wake, hata kama kunyamaza kwako kungekunufaisha. Mungu akuzidishie jamaa, akupe na ujasiri wa kuwakubali wote mbele ya watu.