Siku Niliyovuta Chetezo

Kuna watu huteleza mbele za watu, kuna wengine nguo huwapasuka, lakini mimi nilitoa moshi puani katikati ya ukumbi wa wanawake waliovaa dhahabu nyingi kuliko duka la sonara, tena moshi wenyewe wa udi wa mama yangu. Nimekaa na aibu hii wiki mbili bila kumwambia mtu, na kwa kuwa daftari halina mdomo leo naiandika yote, hata zile sehemu ambazo nikizikumbuka najifunika uso kwa mto.

Kwanza nimseme Mama, maana bila kumjua yeye huwezi kujua nilichoharibu. Mama ni mfukizaji. Hapa Dubai shughuli ya wanawake haiishi mpaka udi upite: watu wakishakula na kunywa kahawa, husimama wamevaa abaya zao, kila mmoja akisubiri afukizwe ndiyo aende kwao, na Mama hupita na chetezo chake cha makaa, anakipitisha chini ya mikono, kwenye pindo, nyuma ya shingo, anajua kwa kutazama tu nani ameshatosha na nani bado, wala hajawahi kuunguza uzi wa nguo ya mtu. Udi wake anauchanganya mwenyewe na waridi kavu, mrehani mkavu na msandali uliosagwa. Mimi hubeba mkoba na kunyamaza, na kunyamaza nakuweza sana.

Basi akaitwa na madam mmoja wa mtaa wa Oud Metha, posa ya binti yake, ukumbi wa hoteli Al Rigga. Madam huyu ana dada sita na kila dada ana mabinti, yaani akimpenda Mama, Mama ana kazi mpaka mimi nizeeke, na akimchukia habari itafika kwa wote sita kabla hatujapanda metro ya kurudi kwetu Rashidiya. Siku tatu kabla, hoteli ikasema makaa hayaingii ukumbini. Mama akashika kiuno.

"Itabidi tupate chetezo cha umeme, kidogo, cha kushika mkononi," akasema. "Na nafasi ya kwenda kukitafuta sina."

Mimi nikasema (sijui nani alinifungua ulimi), "Mama, niachie mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Akanitazama kama vile mimi ni paka aliyeomba funguo za gari. Lakini akakubali, na furaha niliyoipata hapo ndiyo iliyonimaliza, maana ningeweza kwenda duka la manukato kama watu wenye akili, nikaona hapana, mimi nitatafuta kitu cha kisasa ambacho Mama hajawahi kukiona, nikaingia duka moja la vifaa vya umeme lenye taa nyingi.

Muuzaji alikuwa kijana mpole. Chetezo kwa Kiingereza sikijui, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha darasani, huku nikitazama viatu vyangu, kwamba nataka kimashine cha kubebeka cha kupashia majani makavu moto, kitoe harufu nzuri.

Akatazama mlangoni. "Majani makavu? Ni chako?"

"Hapana, cha mama yangu."

"Mama?"

"Ndiyo. Ndiyo kazi yake. Kila wikendi, kwenye harusi. Anawafanyia wanawake wote, wazee kwa vijana, na wakishafanyiwa wanafurahi sana."

"Mashallah," akasema taratibu, akainama, akatoa boksi tatu chini ya meza.

(Chini ya meza! Mbele ya macho yangu! Na mimi nikaona ni heshima, nikadhani vile vizuri hufichwa.)

Na vilikuwa vizuri kweli, siwezi kusema uongo. Cha kwanza kilikuwa kinene kama tochi ya mlinzi, nikakikataa kwa sababu mkono wa Mama ni mdogo. Cha pili chembamba kama kalamu, lakini kijishimo cha kutilia majani kilikuwa kama cha kulishia mdudu. Cha tatu, jamani, cha tatu! Cheusi, laini kama kokoto lililooshwa, kinakaa kiganjani kama kimezaliwa hapo, kina kijitanuri ndani na taa tatu, buluu kwa joto dogo, kijani la kati, nyekundu kali, na chaji yake inamaliza shughuli nzima. Juu kilikuwa na kimdomo, nikauelewa haraka huo mdomo, nikasema ni kama mdomo wa birika, wa kuelekezea moshi kwenye mkono wa abaya. Hawa watu wamefikiria kila kitu! Nikatoa pesa zangu zote za Idi, akanifungia boksi kwa karatasi nyeusi, akasema, "Msalimie mama."

Mama alikigeuzageuza, akakinusa, akasema, "Teknolojia," na akanibusu kwenye paji la uso. Naandika hilo kwa sababu busu lile lilistahili kwenda kwa mtu mwingine.

Siku ya siku, kahawa ikaisha, wanawake wakasimama. Mama akajaza kijitanuri mchanganyiko wake, akabonyeza, taa buluu, ikageuka kijani, akamsogelea Madam aliyekuwa amefungua mikono kama anayetaka kuruka. Tukasubiri. Hakuna kitu. Mama akauelekeza mdomo wake kwenye mkono wa abaya, akakitikisa, akabonyeza tena mpaka nyekundu. Kimya. Madam bado amefungua mikono. Nyuma yake wanawake arubaini na viatu vyao miguuni, mmoja akasema "Yalla," yaani haya, tumechoka kusubiri, hivihivi, kwa chini.

"Salma," Mama akaninong'oneza bila kutikisa midomo, "kimeziba. Kizibue."

Nikakichukua. Kitu kikiziba unafanya nini? Unapuliza. Nikapuliza, hakikuzibuka. Nikasema basi nikivute, kama mrija wa juisi ulioziba, nikaweka midomo pale na kuvuta kwa nguvu zangu zote, mbele ya madam, dada zake sita, mabinti zao na bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu.

Kikazibuka.

Waridi, mrehani, msandali na udi vilinijaa kifua vyote kwa pamoja, macho yakatoka, nikafunga mdomo kwa heshima ili nisikohoe mbele ya wageni, basi moshi ukatafuta njia nyingine ukatoka puani, mistari miwili mirefu, mizuri, yenye harufu ya harusi. Ndipo nikakohoa. Nilikohoa mpaka nikashika meza ya peremende. Mtu akapiga kelele, "Binti anavuta!"

Njeri, Mkenya wa Nakuru anayehudumu ukumbini na anayetujua kwa shughuli nyingi, aliyekuwa akikusanya vikombe vya kahawa, alikuja mbio na maji. Akakiona kile kitu mkononi mwangu.

"Woi! Salma, hii umetoa wapi? Hii ni ya kuvuta bangi! Hizi tunazipataga kwa vyumba vya wageni, tunazipeleka kwa meneja na glavu!" Alidhani ananong'ona.

Nilitamani carpet inimeze. Nilimtazama Mama na nikaona usoni mwake wale dada sita wakiondoka mmoja mmoja.

Lakini Mama wangu! Hakunitazama hata mara moja. Alimgeukia Njeri kwa sauti ileile ya siku zote, akasema, "Njeri mwanangu, chumba cha nyuma mna pasi?" Pasi ikaja. Akaichomeka, akaisimamisha juu chini kati ya vitabu viwili vya menyu, uso wake ukitazama juu, akabandua karatasi ya alumini kwenye sinia la halua, akaitandika juu ya bati la pasi, akaweka udi kidogo kwa ncha za vidole. Hakuna makaa, hakuna moto. Tukasubiri kidogo tu, na moshi ukapanda, mwembamba, mweupe, umenyooka kama uzi.

"Madam, tafadhali," akasema, na badala ya chetezo kuwafuata watu, watu wakakifuata chetezo. Wakapanga mstari, wakawa wanainamisha abaya zao juu ya pasi, na Mama akizikunjua kwa vidole viwili, hakuunguza hata moja. Nimemwona akifukiza miaka yote lakini siku ile nilimwona kama mgeni angemwona, nikasahau hata kwamba nalia.

Madam alikuwa wa mwisho. Alijinusa bega, akanitazama, mimi nikatazama carpet.

"Shughuli ya dada yangu mwezi ujao," akamwambia Mama kwa Kiarabu, "khalas, imekwisha, ni yako. Na uje na huyu Umm Dukhan." Mama wa Moshi! Wakacheka wote, na yule bibi wa kiti cha magurudumu akacheka zaidi ya wote, akasema anataka kunusa nywele zangu.

Kwenye metro, tulipokaribia Rashidiya, Mama akaniuliza.

"Kilitoka wapi dukani?"

"Chini ya meza."

"Na hukujiuliza kwa nini kiko chini ya meza?"

Akageuza uso dirishani, nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka hadi machozi. Kile kitu alikivunja kwa mchi usiku huohuo na vipande vikaenda na taka, pesa zangu za Idi ndani yake.

Juzi tulikwenda pamoja duka la manukato kununua chetezo cha umeme cha kweli. Muuzaji akaanza kusifu rangi na chaji na taa zake, Mama akaniachia mimi niseme. Nikainua uso (niliinua kweli, nikamtazama machoni), nikamuuliza swali moja tu, ambalo nimeapa kuliuliza maisha yangu yote kabla ya kununua chochote chenye tundu:

"Moshi unatoka wenyewe?"